Gesi ya ziada kwenye mrija wa tatu

Kazi yangu maabara ilikuwa kuhakikisha kwamba kemikali inayotiwa kwenye vilipuzi vya plastiki, ili mbwa na mashine wavigundue, haigombani na kilipuzi chenyewe. Kemikali hiyo, inayoitwa alama, inatakiwa na Mkataba wa Montreal wa 1991, uliokuja baada ya ndege ya Pan Am kulipuliwa juu ya Lockerbie mwaka 1988 na watu 270 kufa. Inayotumika sana ni DMNB, unga mweupe unaotoa mvuke kidogo kidogo kwa miaka.

Upimaji wenyewe ni rahisi kuueleza. Mirija mitatu huondolewa hewa: mmoja una kilipuzi peke yake, wa pili DMNB, wa tatu mchanganyiko. Inapashwa joto la nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa 40, nyuma ya ngao, halafu gesi inapimwa. Mrija wa tatu ukitoa gesi nyingi kupita jumla ya ile miwili, shaka inaingia kwamba viwili hivyo vinagombana.

Wetu ulitoa. Mkuu wangu akataka tuikatae DMNB palepale, na alikuwa na sababu. Mwaka 1980 ofisi ya tathmini ya teknolojia ya Bunge la Marekani ilionyesha kwamba chembe za aina nyingine, zile za kufuatilia kilipuzi kilikotoka, zilileta tatizo la uthabiti kwenye baadhi ya baruti. Wazee wa fani bado wanalitaja tatizo hilo.

Mimi nilishuku maandalizi. Mchanganyiko ulikuwa umepitia kiyeyushi na kukaushwa, ilhali sampuli mbili za kulinganishia zilitoka moja kwa moja kwenye chupa. Kwa hiyo nikapitisha kilipuzi kitupu, bila hata punje ya DMNB, kwenye kiyeyushi kilekile na ukaushaji uleule. Gesi ya ziada ikatoka vilevile! Kiyeyushi kilichonasa ndani ndicho kilichokuwa kinatusumbua. Tulipokausha kwa muda mrefu zaidi, tofauti ikatoweka, na kipimo cha joto ambalo kilipuzi huanza kuvunjika hakikuonyesha badiliko lolote.

Nisingeidhinisha kwa hayo tu. Kiwango cha chini cha DMNB, asilimia 1 ya uzito, kinahesabiwa wakati wa kutengeneza. Kemikali inayotoa mvuke ili inuswe inaendelea kupungua. Niliomba sampuli zikae ghala lenye joto, nyingine zimefungwa na nyingine wazi, kisha zipimwe tena. Kilichoamua hapo kilikuwa kifungashio.

Kero iliyobaki ni mvuke huohuo. Sampuli safi zilizowekwa kabati moja na zenye alama zilianza kuliza kengele ya mashine ya ugunduzi, na glovu moja ilitosha kuchafua meza nzima. Tuliishia kutenga chumba, mizani na glovu za DMNB peke yake, na sampuli safi zikahamishiwa jengo jingine.