Naona watu kama miti

Tumsifu Yesu Kristo!

Somo letu la wiki hii ni Marko 8:22–26, habari ya yule kipofu wa Bethsaida. Mistari yenyewe ni mitano tu, na wahubiri wengi huipita mbio. Nadhani inawatia aibu kidogo. Yesu anamtemea mate ya macho, anamwekea mikono, kisha anamwuliza, "Waona kitu?" Katika Injili nzima ya Marko hatumsikii tena akimwuliza mgonjwa swali la namna hii baada ya kumgusa. Na jibu analopewa si lile la kupigiwa vigelegele: "Naona watu kama miti, inakwenda."

Nampenda mtu huyu kwa kusema kweli. Wengi wetu tungejibu upesi, "Nimepona, Bwana asifiwe," tukaenda zetu tukigongana na watu njiani. Labda ndiyo sababu Yesu alimshika mkono kwanza akamtoa nje ya kijiji. Mbele za watu ni vigumu kusema bado huoni vizuri. Basi Yesu akaweka tena mikono yake juu ya macho yake, na hapo ndipo akaona vyote waziwazi. Hakukemewa kwa imani haba. Hakuulizwa amekosea wapi. Aliguswa mara ya pili, basi.

Tazameni pia Marko alipoiweka habari hii. Mistari michache nyuma wanafunzi wamo chomboni wakinung'unika kuhusu mikate, na Yesu anawaambia, "Hamjafahamu bado?" Mistari michache mbele Petro anakiri, "Wewe ndiwe Kristo," na kabla maneno hayajapoa mdomoni anaanza kumkemea Bwana kwa habari ya msalaba, hadi anaitwa Shetani. Petro naye, kwa wakati ule, anaona watu kama miti. Amekwisha kuguswa, hilo halina ubishi. Ila bado.

Sisi wa Bagamoyo tungepaswa kulielewa hili kuliko wengi. Wageni wanaoletwa pale Misheni huonyeshwa mnara wa kanisa la zamani, makumbusho, ile njia ya miembe na msalaba wa pwani, wakapiga picha wakaondoka. Mimi kinachonishangaza pale ni muda uliotumika. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliifungua misheni hii mwaka 1868, wakaanza na watu waliokombolewa utumwani, watoto wengi miongoni mwao. Mwaka 1872 ikaja tufani kubwa ikabomoa walichokwisha kujenga, wakaanza upya. Na Juni 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, shirika jingine la wamisionari Wakatoliki, uliondoka hapahapa kwetu kwenda bara, kuelekea Maziwa Makuu. Mwanzilishi wa shirika lao, Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, aliwawekea utaratibu ambao leo ungezua maneno parokiani: mtu mzima aandaliwe miaka minne ndipo abatizwe. Miaka minne! Siku hizi mkatekumeni, yaani anayejiandaa kwa ubatizo, akiambiwa arudie mafundisho mwaka mmoja tu, ukoo mzima unahamia nyumbani kwa katekista, na ukumbi umekwisha lipiwa.

Hata hivyo tusiifanye miaka minne kuwa amri ya mlimani. Mei 1886 kule Buganda, usiku wa kuamkia hukumu ya kifo ya vijana Wakristo wa ikulu ya mfalme, kiongozi wao Karoli Lwanga aliwabatiza wachache miongoni mwao, akiwamo Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Lwanga mwenyewe alikuwa amebatizwa Novemba iliyotangulia. Mungu akitaka kumkomaza mtu kwa usiku mmoja, humkomaza. Lakini wengi wetu hatukuitwa kwa njia hiyo. Tumeitwa kwa njia ya Jumatatu, Jumanne, madeni, watoto, majirani, na dhambi ileile ambayo padre kitubioni ameshaizoea kuliko sisi.

Katika jumuiya yetu kuna baba mmoja mvuvi. Ukimkuta alfajiri sokoni kwenye mnada wa samaki, dalali akishapanga mafungu mchangani na wachuuzi wakaanza kushusha bei, zamani ungeziba masikio. Matusi yake yalikuwa yanajulikana mpaka kwa watu wa ngalawa za jirani. Alipokuja kuomba kuingia mafundisho, wapo waliocheka waziwazi. Siku hizi mambo yamekuwa hivi: mchuuzi anataja bei ya kuudhi, mzee anafungua kinywa, neno linaanza kutoka, halafu linakwama katikati. Anameza mate. Anatazama bahari. Kisha anasema bei yake. Wenzake wamempa jina, wanamwita Nusu Tusi.

Kwenye jumuiya maoni yaligawanyika. Mama mmoja, mtu wa sala kwelikweli, alisema mtu wa namna hii hafai kushika mishumaa ya jumuiya siku ya zamu yetu, kwa sababu nusu ya tusi ni tusi. Sina la kumpinga kwa upande wa sheria. Lakini mimi nimemjua mzee huyu tangu alipokuwa analitoa lote, pamoja na la nyongeza. Ile nukta anapomeza mate na kutazama bahari, kwangu ni kazi ya Roho Mtakatifu inayoonekana kwa macho, na ni kubwa kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, yangu yakiwamo.

Tatizo letu kubwa, kwa maoni yangu, haliko katika kusubiri ukuaji wetu wenyewe. Kwa nafsi zetu sisi ni wavumilivu ajabu. Tumejisamehe na kujipa muda miaka mingi. Ni kwa mwenzetu ndipo tunataka aokoke leo, abadilike kesho na kesho kutwa awe kielelezo. Mvumilivu hula mbivu, tunasema, huku tunautikisa mwembe wa jirani.

Hapa namkumbuka kijana Yohane Marko. Alitoka na Paulo na Barnaba katika safari ya kwanza, walipofika Pamfilia akawaacha akarudi Yerusalemu. Matendo haielezi sababu. Safari ya pili ilipopangwa, Barnaba akataka wamchukue tena, Paulo akakataa, na wale watu wawili wakubwa wakagombana hadi wakaachana. Paulo akamchukua Sila, Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kipro. Toka hapo kitabu cha Matendo kinamfuata Paulo, na Barnaba hatumwoni tena humo. Mtu angeweza kusema Barnaba alipoteza. Lakini miaka baadaye, katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, tunakuta neno hili la Paulo akiwa kifungoni: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi."

Nani alimfanya afae? Neema ya Mungu, ndiyo. Lakini neema hiyo ilipitia kwa mtu aliyekubali kugombana na rafiki yake kwa ajili ya kijana aliyekwisha kushindwa. Na kwa mapokeo ya Kanisa, Marko huyuhuyu ndiye aliyeandika Injili tunayoisoma. Mathayo na Luka hawana habari ya kipofu wa Bethsaida. Yohana hana. Ni Marko peke yake aliyeona inafaa kutuhifadhia habari ya mtu ambaye hakupona kwa mguso wa kwanza.

Kuna kitu kimoja lazima niseme, maana nawajua ndugu zangu, na kesho mtu atanijibu kwamba yeye naye yumo katika safari ya polepole. Kukaa palepale si kukua polepole. Yule kipofu alikubali kushikwa mkono, akatembea hadi nje ya kijiji, akasema ukweli wa alichokiona, na akausogeza uso wake tena chini ya mikono ileile. Hakusema miti inatosha. Kama umeacha kusali, umeacha kitubio, na jirani mliyenuniana tangu mwaka juzi bado mnapishana bila salamu, usimsingizie Mungu kwamba anakuivisha taratibu.

Jumamosi jumuiya tutakutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi kama kawaida, na zamu ya mishumaa siku ya Dominika ni ya mzee wetu wa sokoni. Tulikubaliana hivyo, na yule mama mwenyewe ndiye aliyefunga mjadala kwa kusema sawa, ila atakaa karibu naye. Tutasoma Matendo 15:36–41. Kila mmoja aje na mtu mmoja ambaye amekwisha kumkatia tamaa, tumwombee. Jina lake libaki moyoni mwako humohumo. Jumuiya yetu tunaijua.