Madina Kwanza: Tunavyopanga Umra Isiyo na Haraka

Sisi watu wa Mtwara hupanga mambo makubwa kwa kuitazama korosho. Harusi, bati la nyumba, ada ya shule na safari ya ibada husubiri minada ifunguliwe mwezi Oktoba, kisha husubiri tena chama cha msingi kikamilishe malipo. Ndiyo maana safari ya umra, ile ziara ya ibada ya Makka isiyo hija, ambayo mimi na mama tumekuwa tukiizungumzia kwa muda mrefu tumeiweka mwezi Januari, wakati fedha ya korosho imekwisha kuingia na Ramadhani haijafika. Nafasi hiyo inazidi kuwa finyu kila mwaka, kwa sababu Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 katika kalenda ya Miladia: ile ya mwaka 1447 wa Hijra ilianza wiki ya tatu ya Februari 2026, na ya mwaka unaofuata inatarajiwa kuanza mapema Februari 2027. Najua wapo wanaoitafuta Ramadhani kwa makusudi, kwa kuwa hadithi sahihi imeeleza kwamba umra ndani ya mwezi huo hulingana na hija. Hata hivyo, mama yangu magoti yanamsumbua, na msongamano wa kumi la mwisho ni mzigo ambao sioni haja ya kumtwisha.

Alipoulizwa anataka safari ya namna gani, alijibu kwa sentensi moja: "Mwanangu, mimi nataka nikae, sitaki kukimbizwa." Jibu hilo ndilo limekuwa kipimo cha kila uamuzi tuliofanya tangu hapo, na uamuzi wa kwanza ulikuwa kuanzia Madina na kuipa Madina sehemu kubwa ya siku zetu.

Pakeji tulizoonyeshwa mwanzoni zilikuwa kinyume chake. Karibu zote zilianzia Makka, zikaiachia Madina siku chache za mwisho, tena siku zilizojazwa ziara, mikutano ya kikundi na manunuzi. Sina ugomvi na utaratibu huo kwa vijana, lakini kwa mtu mzima atokaye Mtwara hesabu yake ni nzito. Anapanda basi la kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 550; anapumzika kidogo, anapanda ndege, pengine anabadilisha ndege Addis Ababa au Doha; na kwa kuwa anaelekea Makka inampasa awe amehirimia, yaani amevaa ihramu na kunuia umra, kabla ndege haijavuka miqati, mpaka wa kuhirimia, maana yake angali angani. Akishuka Jeddah anapelekwa Makka, na mara nyingi kikundi huenda moja kwa moja kutufu, yaani kuizunguka Kaaba, na kusai baina ya Safa na Marwa, kwa miguu ambayo imevimba kwa kukaa. Anayeanzia Madina hana sharti hilo. Anasafiri kwa nguo zake za kawaida, anatua katika uwanja wa ndege wa Madina, anaoga, analala, na ibada ya umra inamngojea mpaka mwili wake utulie.

Sababu ya pili ni Madina yenyewe. Bukhari na Muslim wamepokea hadithi kwamba swala moja katika Msikiti wa Mtume ni bora kuliko swala 1,000 katika misikiti mingine, isipokuwa Msikiti Mtakatifu wa Makka. Na ni mmoja wa misikiti mitatu tu ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, ameruhusu kufungiwa safari. Mtu akiisoma hadithi hiyo vizuri, anaona kwamba kazi yake Madina ni moja: kuwa ndani ya msikiti ule mara tano kwa siku akiwa na moyo uliotulia. Mengine yote ni nyongeza.

Hapa huwa linaingia suala la arobaini. Wazee wetu wengi wanaamini kwamba ziara ya Madina haijakamilika mpaka mtu asali swala 40 mfululizo katika msikiti ule, ambazo ni siku 8 kamili, na wapo waliorudi nyumbani wakiwa na huzuni kwa sababu homa iliwalaza swala ya thelathini na kitu. Msingi wake ni hadithi iliyomo katika Musnad ya Imam Ahmad kutoka kwa Anas, ambayo wanachuoni kadhaa wa hadithi wameihukumu kuwa ni dhaifu, na hakuna madhehebu yanayoifanya kuwa sharti la umra wala la hija. Nimemweleza mama hivyo, naye amekubali kwamba tukizipata tutashukuru, lakini hatutaamshana kwa hofu wala kubeba daftari la kuhesabia.

Rawdha ndiyo sehemu pekee ya Madina ambayo haiwezi kuachwa bila mpango. Eneo hilo lililo baina ya nyumba ya Mtume na mimbari yake, ambalo hadithi imelitaja kuwa bustani miongoni mwa mabustani ya Peponi, sasa huingiwa kwa kibali kinachoombwa kupitia programu ya simu iitwayo Nusuk, na kibali huonyesha siku na saa. Wanaume na wanawake wana nyakati tofauti, kwa hiyo sitaweza kumshika mama mkono humo ndani. Ataingia na wanawake wenzake, na hilo nimependa alijue akiwa bado nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 2023 mamlaka za Saudia zilitangaza kwamba mtu hupewa kibali mara moja katika siku 365. Nafasi yenyewe ni ya dakika chache, kisha wasimamizi hukuomba upishe wengine. Kwa sababu hiyo tumekubaliana kwamba siku ya Rawdha haitakuwa na shughuli nyingine yoyote, na kwamba dua atakazoomba mama atazipanga mapema, maana majina ya watu waliomwagiza ni mengi na hataki kumsahau jirani yeyote.

Kuhusu kumsalimia Mtume na maswahaba wake wawili, Abubakar na Umar, makaburini mwao, adabu yake inajulikana: sauti iwe ya chini. Aya ya pili ya Surat al-Hujurat inakataza kunyanyua sauti juu ya sauti ya Mtume, na Bukhari amepokea kisa cha Sayyidna Umar kuwaita watu wawili waliokuwa wakipaza sauti msikitini. Alipojua wametoka Taif aliwaambia kwamba wangekuwa wenyeji wa Madina angewaadhibu. Wakati ule hapakuwa na simu za kupiga picha. Sisi tumeamua simu zitabaki mfukoni tunapopita mbele ya kaburi, ingawa najua wadogo zangu watalalamika kwamba hawakuona hata picha moja.

Yapo mambo mengine ambayo mtu wa pwani, aliyelelewa katika madhehebu ya Shafi, ni vizuri ayajue kabla. Imamu hasomi dua ya kunuti katika swala ya Alfajiri, na baada ya salamu hakuna nyiradi za pamoja kwa sauti kama ilivyo katika misikiti yetu mingi. Kila mtu huleta dhikri zake kimyakimya. Karibu baada ya kila swala ya faradhi husaliwa swala ya jeneza, na salamu yake hutolewa moja. Wanawake wa kwetu kwa kawaida hawaisali swala hiyo, kwa hiyo wengi hubaki wameduwaa wakati safu nzima imesimama. Mama amekwisha kuanza kujifunza takbira zake nne na kinachosomwa baada ya kila moja, na binafsi naona maandalizi hayo yana thamani kuliko sanduku jipya alilotaka kununua.

Ziara za nje ya msikiti tumezipunguza. Basi la kikundi huwazungusha watu msikiti wa Quba, mlima Uhud, msikiti wa Qiblatayn na misikiti mingine kwa asubuhi moja, na wengi hurudi hawakumbuki walisali wapi. Sisi tutakwenda Quba siku ya Jumamosi, kwa kuwa Ibn Umar amesimulia kwamba Mtume alikuwa akiuendea msikiti huo kila Jumamosi, kwa miguu au akiwa amepanda mnyama. Na atakayejitwaharisha nyumbani kwake kisha akaenda kusali humo amebashiriwa malipo kama ya umra. Ni mwendo wa kilomita tatu na nusu hivi kutoka Msikiti wa Mtume, ambao kwangu ni matembezi, na kwa mama ni safari ya gari. Uhud tutaipa siku yake, ili tupate muda wa kuwasalimia mashahidi 70 wa vita vya mwaka wa tatu wa Hijra, na Sayyidna Hamza akiwa miongoni mwao, bila kupigiwa honi. Makaburi ya Baqii nitakwenda mwenyewe baada ya Alfajiri, kwa kuwa wanawake hawaruhusiwi kuingia. Mama atawatolea salamu waliomo akiwa nje ya ukuta.

Siku zilizobaki ratiba yake ni tupu, nasi tumekusudia iwe hivyo. Jumatatu na Alhamisi, Mungu akitupa nguvu, tutafunga, kwani jioni za siku hizo hutandikwa sufra ndani ya msikiti kwa ajili ya waliofunga, zenye tende, mkate, maziwa ya mgando na kahawa, na mwenye sufra humsihi mgeni aketi kwake kana kwamba mgeni ndiye anayemfanyia hisani. Baina ya Magharibi na Isha tutakaa palepale na juzuu zetu.

Uhusiano wa mwambao wetu na Hijazi, nchi ya Makka na Madina, si wa leo. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika Kilwa mwaka 1331, mahali ambapo sasa ni mkoa jirani wa Lindi, aliwakuta masharifu kutoka Hijazi wakikirimiwa na Sultani Hassan bin Sulaiman. Wakati huo aliyetaka kwenda kaskazini alisubiri pepo za kusi. Sisi tutasubiri barabara tu, ingawa nayo ina vituko vyake: mvua zilizoletwa na kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024 ziliikata eneo la Somanga, na Januari ni mwezi wa mvua huku kusini. Tutatangulia Dar es Salaam mapema kuliko inavyohitajika, tufikie kwa shangazi.

Katika mizigo, jambo linalosahaulika ni baridi. Usiku wa Januari, Madina hushuka mpaka nyuzijoto 12 hivi, na mtu aliyezaliwa Mikindani huenda hana sweta hata moja. Mama atachukua soksi nzito na koti la kuvaa ndani ya baibui anapokwenda Alfajiri. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni ya lazima, nayo inapasa ichomwe siku zisizopungua 10 kabla ya kufika.

Kutoka Madina kwenda Makka kuna treni ya mwendokasi ya Haramain, ambayo ilianza kubeba abiria mwaka 2018, na kuna basi. Treni ni ya haraka zaidi, lakini haisimami miqati. Abiria huhirimia kabla, akanuia wakati treni inapita usawa wake. Basi husimama Dhul-Hulaifa, miqati ya watokao Madina, panapoitwa pia Abyar Ali, mahali ambapo Mtume mwenyewe alihirimia, na abiria huteremka wakatawadha na kusali. Mama amechagua basi. Treni tutaipanda tukimaliza umra, kutoka Makka hadi uwanja wa ndege wa Jeddah, siku ambayo mabegi yatakuwa mazito kwa tende na zamzam za watu.