Kanga ya kijani

"Ningegeuka, ungejua nimekuona."

Tangu Jumatatu jioni sentensi hiyo inazunguka kichwani. Barua ya kupandishwa daraja imetoka, Baba Pendo amerudi kutoka Dar kwa treni ya SGR, na mimi bado nipo palepale kwenye beseni la soksi.

Makubaliano yangu na mwanangu, tunayemwita Mheshimiwa, ni haya. Mwezi wa kwanza wa mpango nampandisha daladala mwenyewe. Wa pili naishia ng'ambo ya barabara. Julai anakwenda peke yake, Nkuhungu hadi Sabasaba hapa Dodoma, kisha anavuka na kutembea hadi shuleni. Yuko darasa la tano, na tulipeana mikono kabisa.

Basi Jumatatu nikamuaga mlangoni vizuri, kama mama mwenye akili. Dakika mbili baadaye nilikuwa juu ya bodaboda, kanga kichwani, tumejibanza nyuma ya genge la nyanya.

Daladala ya kwanza konda akapiga kelele, "Denti wawili tu!" Yeye alikuwa wa tatu. Ya pili haikusimama hata kidogo. Upepo unavuma, vumbi hilo, na yeye kasimama kashika mkanda wa begi, ameangalia barabara tu. Nilishamgusa bega kijana wa boda ili nishuke nikampakie, ndipo ikaja ya tatu, akapanda. Tukaifuata hadi Sabasaba. Akashuka, akatazama kulia, kushoto, kulia tena, akavuka. Kazini Mtumba nilifika nimechelewa, lakini moyo umetulia.

Jioni anafua soksi, mimi nachambua mchicha.

"Mama, ile kanga ya kijani umeiweka wapi?"

"Ipi?"

"Ya kwenye boda."

Nikanyamaza. Unasema nini hapo? Mwishowe nikauliza:

"Mbona hukunipungia hata mkono?"

"Ningegeuka, ungejua nimekuona."

Akakamua soksi, akaianika kwenye kamba. Sauti haikuwa na hasira hata chembe, na hicho ndicho kinachoniuma. Angenifokea ningejua pa kuanzia. Nilipokuwa nimejificha nikimlinda, naye alikuwa amesimama pale akiangalia mbele kwa makusudi, nisije nikaaibika. Miaka kumi na moja! Hiyo adabu kaitoa wapi?

Kisha akauliza, "Boda ilikuwa shilingi ngapi?"

"Elfu mbili."

"Mimi mia mbili."

Baba Pendo alicheka hadi chai ikampalia. Mimi nilicheka Jumanne, nilipobaki jikoni nikiitazama kanga imening'inia msumarini, na Mheshimiwa ameshakata kona bila kuangalia nyuma. (Jumatano niliangalia dirishani. Dirishani si kumfuata.)

Jana nikampigia mama yangu, kule kijijini Mpunguzi. "Mama, ulipokuwa unanituma mashineni na debe la mtama, ulikuwa unanifuata kwa nyuma?"

"Nikufuate, mbuzi niwaachie nani?"

Hapo hapo akahamia kwenye zabibu. Majani yana unga mweupe, anasema, kama mtu kayapakaa sembe, na punje ndogo zimeanza kupasuka. Ni ubwiri unga tena, ule ugonjwa wa ukungu. Salfa, dawa yake, iliyobaki kwenye ndoo imeganda mabonge, na jirani mwenye bomba la kunyunyizia kasafiri. Mavuno ni Agosti. Jumamosi itabidi niende, ila duka la pembejeo ninalolijua hufungua saa tatu, na kukicha tu upepo wa kupeperusha dawa umeshaanza.