Grafu ya mtandao inapodanganya
Grafu inasema laini ya gigabiti 1 inatumia megabiti 40 tu, na huku watu wanalalamika intaneti inakwama? Jamani, kabla hujampigia mtoa huduma, angalia kaunta, yaani namba ndani ya kifaa cha mtandao inayohesabu baiti zinazopita. ifInOctets, kaunta ya data inayoingia katika SNMP (njia ya kusoma takwimu za vifaa vya mtandao), ni ya biti 32: ikipita baiti 4,294,967,295 inarudi sifuri. Laini hiyo ikijaa, kaunta inazunguka kila sekunde 34 hivi, na programu ya grafu inayoisoma kila dakika 5 haioni mizunguko hiyo, ndiyo maana inaonyesha matumizi madogo. Tumia ifHCInOctets, ya biti 64, kwa toleo la SNMP v2c au v3. Toleo la v1 haliisomi kabisa. Na kaunta inahesabu baiti, kwa hiyo zidisha kwa 8 upate biti. Hata hivyo, wastani wa dakika 5 bado unaficha msongamano wa sekunde 20.