Lenzi za zamani kwenye kamera isiyo na kioo

Kabla ya kuchagua bodi (kamera yenyewe, bila lenzi), kagua lenzi ulizonazo. Za Canon EF hazina shida: adapta (pete ya kuunganisha lenzi na bodi) ya EF-EOS R haina lenzi ya ziada ndani, na fokasi ya otomatiki hufanya kazi kwenye bodi za RF, yaani za Canon zisizo na kioo. Kwa Nikon ndiko wengi hunaswa. Adapta yake ya FTZ haina mota, hivyo lenzi za AF-S, zenye mota yake ndani, zitajifokasi, ila za AF-D, zinazotegemea mota ya bodi, utazungusha kwa mkono.

Lenzi za kufokasi kwa mkono tu huingia karibu popote. Lenzi za Nikon F hukaa milimita 46.5 kutoka kwenye sensa, za Sony E (kamera za Sony zisizo na kioo) 18; adapta hujaza 28.5. Ikizidi unene, hata kidogo, vitu vya mbali havitakuwa vikali. Bora iliyopungua kidogo. Na bodi ikigoma kupiga, ruhusu upigaji bila lenzi kwenye menyu.