Ya Kagera

Leo Alhamisi usiku, lakini mimi bado nipo Jumamosi asubuhi.

Wiki imejaa mambo: lori la mbolea limelala Minjingu siku mbili, shemeji kajifungua mapacha, Neema kapita ule usaili niliowasumbua nao mwezi mzima. Yote nimeyapokea kama mtu anayesikia redio ya jirani. Kichwani kuna jamaa mmoja tu, mwenye suruali ya mifuko minane.

Jumamosi nilikwenda kulenga shabaha, kama ninavyofanya kila baada ya miezi miwili mitatu tangu duka la Kilombero livunjwe na nianze ile safari ya kibali mnayoijua, kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa mpaka polisi. Sipendi bastola, nilishasema. Ila kuwa nayo bila kuifanyia mazoezi ni kufuga mbwa mkali ambaye hajakuzoea.

Pale uwanjani pana madaraja, ingawa hakuna aliyeyabandika ukutani. Juu kabisa wako wenye bunduki za uwindaji, salamu yao inatokea puani. Wanafuata wenye bastola mpya za Glock, wanaokuja na visanduku vyenye sponji ndani. Kisha sisi wa mitumba. Bastola yangu, Makarov ya Kisovieti, ni mkono wa pili, makaratasi yake yote halali. Mwisho walinzi, wanaoshushwa na pikapu, wanapiga risasi zao chache na kupakiwa tena kabla chai haijamiminwa.

Mstari ulikuwa umefungwa. Yaani silaha zote ziko mezani, tupu, mitutu imelitazama tuta, na hakuna wa kugusa kitu mpaka Sajenti, msimamizi wetu, aseme, kwa sababu kuna watu wamekwenda mbele kubandika karatasi za shabaha. Jamaa wa meza ya jirani akanyoosha mkono akaichukua yangu. Hakuomba. Hata “samahani kaka” hakuna. Akaipima uzito kiganjani kama mtu anayechagua parachichi, akasema kwa sauti ya kutosha meza tatu:

“Mzee, hii umetoka nayo Vita vya Kagera?”

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikasema, “Hapana bwana.”

Basi. Mazungumzo yote ndiyo hayo.

Tuanze na “mzee”. Shikamoo hakunipa, uzee kanipa. Kampala ilipotekwa Aprili 1979 mimi nilikuwa nanyonya, na ukikitazama kipara chake, yeye naye hakuwa mbali na ziwa la mama. Lakini hilo naweza kulimeza. Kisichomezeka ni ile “hapana bwana”. Nilikuwa nakana nini? Mtu kakutania, wewe unamjibu kama uko kizimbani! Na kile kicheko changu. Nakijua. Ndicho ninachomchekea mwenye nyumba ninapokuwa nimechelewesha kodi.

Usiku wa Jumapili, saa nane, niko kitandani na simu natafuta jibu ambalo ningempa. Nimejifunza mengi. Makarov iliingia jeshi la Kisovieti mwaka 1951. Inabeba risasi 8, na milimita tisa yake siyo milimita tisa ya Glock, hazibadilishani. Glock 17 ilikubaliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, inabeba 17. Halafu nikafika penyewe: Gaston Glock hakuanzia kwenye bastola. Kabla ya hapo kiwanda chake kilitengeneza vyuma vya mapazia.

Nilikaa kitako. “Bwana, hiyo yako imebuniwa na fundi wa mapazia!” Nikaisema kwa sauti, kuipima.

“Mapazia gani?” Mama Neema kaamka.

Nikamsimulia yote, na mifuko minane. Hakuwasha hata taa. “Si ungemwambia ndiyo? Ndiyo, ya Kagera. Kwani nduli Amin hakukimbia?” Akageukia ukutani akalala.

Sekunde mbili! Mimi nimeizunguka Austria nzima.

Tangu hapo nimeliweka jibu lake mdomoni mwangu kama mara mia. Nikiwa napima mbegu za mahindi, ndiyo, ya Kagera. Nikiwa kwenye foleni ya mafuta, kwani nduli hakukimbia. Katika masimulizi yangu meza tatu zinacheka tena, safari hii upande wangu, na jamaa anafunga kisanduku chake.

Jana ndipo nikakumbuka kitu nilichokiona wakati ule ule nacheka. Kidole gumba chake kilikuwa kinahangaika ubavuni mwa bastola, kinatafuta kitufe cha kuachia magazini, kile kisanduku cha risasi, pale kilipo kwenye Glock. Makarov haina kitufe hapo. Ina kikomeo chini kabisa kwenye kisigino cha mpini, unakivuta nyuma kwa mkono wa pili. Hakujua. Akawa anaigeuza geuza, na katika kuigeuza mtutu ukapita tumboni kwangu, ukaenda ukapita migongo ya wale wawili waliokuwa wakibandika karatasi.

Sajenti akaona. “Weka chini, bosi. Kuna watu mbele.”

Bosi! Mwaka jana mlinzi mmoja alishika magazini tupu mstari ukiwa umefungwa, magazini tu, akatolewa nje akasubirie kwenye pikapu. Hakuna aliyemwita bosi. Na mimi, ambaye mtutu umenipita tumboni, nilikuwa nacheka.

Halafu nikamkumbuka mlinzi mwingine, Baba Josefu wa godauni la jirani, na shotigani yake ambayo kitako kimefungwa mpira wa baiskeli. Nilimwambia siku moja, mbele ya vibarua, kwamba hiyo haiui kwa risasi, inaua kwa pepopunda. Vibarua walikufa kwa kicheko. Naye alicheka. Nilijiona mjanja sana siku ile, nadhani hata hapa niliandika.

Leo jioni nikapita kwake na maandazi, nikazunguka maneno weee, mwisho nikamuuliza kama anaikumbuka.

“Ya pepopunda? Hiyo nimeshawasimulia mpaka walinzi wa Sakina.” Akacheka tena. Nilikisikiliza kile kicheko kama mtu anayeinua noti kwenye mwanga kuona kama ni halali, na sikuweza kujua. Akachukua andazi la tatu. “Na yako ile, bado inatema?”

Nikasema inatema.

Nilikuwa nataka kuendelea hapa, lakini mama kapiga simu kutoka Machame. Migomba mitatu ya upande wa mfereji imegeuka manjano, na mkungu mmoja umeiva kabla ya wakati, ukiukata ndani ni kahawia. Kaka anasema ni jua. Jua gani mwezi huu? Nahofia ni mnyauko, ule uliosumbua migomba ya Kagera (Kagera tena), na huo unatembea na panga, unakata mgomba mgonjwa, unakwenda kuugawia mzima. Nimemwambia asikate kitu chochote mpaka nije. Kanijibu kwamba asubuhi ameshakata majani ya ng'ombe, shamba zima, kwa panga lile lile.