Mlonge, mkaa na pampu ya kahawia: vimeng'enya vya njia ya hewa vinataka nini

Ukizunguka Kariakoo hukosi kukutana na unga wa mlonge unaouzwa kwa maneno kwamba unasafisha mapafu na kuondoa pumu. Muuzaji akisema una antioksidanti, yaani kemikali za kuzima aina kali za oksijeni mwilini, hajadanganya. Majani ya mlonge yana kemikali za jamii moja na sulforafani ya brokoli, na kwenye maabara kemikali hizo huziamsha seli zitengeneze zaidi vimeng'enya vya kujikinga, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali. Shida inaanza pale mgonjwa anapoweka kabatini pampu yake ya kuvuta dawa ya pumu kwa kuamini kwamba unga utafanya kazi ile ile.

Tuviangalie vimeng'enya vyenyewe. Ukuta wa njia ya hewa unapokasirishwa na vumbi, kinyesi cha mende au moshi, seli za kinga hukusanyika na kumwaga supaoksaidi, aina kali ya oksijeni. Kimeng'enya cha kwanza, supaoksaidi dismutesi (kwa kifupi SOD), kinaigeuza kuwa haidrojeni peroksaidi. Hiyo nayo bado inaunguza, kwa hiyo kinahitajika kimeng'enya cha pili: katalesi, au glutathayoni peroksidesi, ambayo haifanyi kazi bila madini ya seleniamu. Hapo ndipo yanapopatikana maji ya kawaida. Kazi inapitishwa mkono kwa mkono, na wa pili akichelewa, mzigo wa wa kwanza unarundikana. Ndiyo maana pumzi ya mgonjwa wa pumu, ikipozwa hadi ikawa matone, hukutwa na haidrojeni peroksaidi nyingi kuliko ya mtu mzima wa afya.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea, wakiwemo waandishi wa matangazo ya virutubisho. Seli kuwa na kimeng'enya ni jambo moja, kimeng'enya hicho kufanya kazi ni jambo jingine. Kwa wenye pumu, SOD iliyomo kwenye njia ya hewa hupungua nguvu kwa sababu yenyewe imeshambuliwa na kemikali ilizotumwa kuzizima. Mzima moto kaungua. Ukimwongezea wenzake huku petroli inaendelea kumwagwa, nao wataungua.

Hili limepimwa kwa watu. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu wazima 40 wenye pumu. Nusu walikula gramu 100 za machipukizi ya brokoli kila siku kwa siku 3, nusu machipukizi ya alfalfa yasiyo na sulforafani. Sulforafani ilipanda kwenye damu kama ilivyotarajiwa. Lakini jeni za vimeng'enya hazikuamka, uvimbe wa njia ya hewa haukushuka, na hewa wanayoweza kuitoa kwa nguvu katika sekunde 1 ilibaki pale pale. Siku 3 ni chache, nakubali. Hata hivyo, gramu 100 za machipukizi mabichi kwa siku ni nyingi kuliko kijiko cha unga kwenye uji.

Upande wa pili kuna jambo linalostahili kujulikana zaidi. Tangu mwaka 1997 imeonyeshwa kwamba nguvu ya SOD kwenye ukuta wa njia ya hewa ni ndogo kwa wagonjwa wasiotumia steroidi ya kuvuta, dawa ya kutuliza uvimbe, na huwa ya kawaida kwa wale wanaoitumia. Yaani pampu ya kahawia, beklometasoni, inapotuliza uvimbe, vimeng'enya vinapata nafasi ya kufanya kazi yao. Kwangu mimi, kama mtu anatafuta "dawa ya antioksidanti" kwa pumu, ni hiyo.

Wanaoiacha wana sababu mbili kubwa. Kwanza, haifungui kifua papo hapo kama ile ya bluu, salbutamoli. Inataka siku kadhaa hadi wiki, na lazima itumike hata siku unayojisikia vizuri. Pili, ule usemi wa mtaani kwamba ukianza pampu hutaiacha. Hiyo si kweli: dozi hupunguzwa na daktari pumu ikitulia. Hatari iko kwenye kutegemea ya bluu peke yake, kwa kuwa inalegeza misuli ya njia ya hewa na kuuacha uvimbe kama ulivyo.

Kosa jingine liko kinywani: dawa nyingi huishia kooni. Spesa, chombo kitupu kinachowekwa kati ya pampu na mdomo, inaokoa, na usipoipata, chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita inatosha. Ilijaribiwa kwa watoto Afrika Kusini ikafanya kazi sawa na ya dukani. Pinda waya ufuate umbo la mdomo wa pampu, upashe moto, uyeyushe tundu kwenye kitako cha chupa. Pampu iingie kwa kubana, kisha ziba pembeni kwa gundi, maana ikivuja hapo umepoteza dawa. Ioshe kwa maji ya sabuni, usiifute ndani kwa kitambaa, iache ichuruzike yenyewe. Ukiifuta, plastiki hupata umeme tuli na dawa hunata ukutani. Tikisa pampu, bana midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara 1, vuta na kutoa pumzi mara 5 au 6, ndipo ubonyeze tena. Kubonyeza mara 2 kwa mpigo ni kupoteza dawa. Baada ya ile ya kahawia, sukutua na uteme, la sivyo fangasi wataota mdomoni.

Nyumbani, petroli ya moto huu ni moshi. Jiko la mkaa liwashiwe nje, na hata likishakolea lisiingizwe ndani: moshi hauonekani tena lakini hewa ya sumu bado inatoka. Dawa ya mbu ya kuchoma ibadilishwe na chandarua. Udi na ubani najua ni heshima ya nyumba, ila chetezo kisifukizwe chumba anacholala mwenye pumu. Masika, ukungu wa ukutani ufutwe kabla haujaenea.

Andika kwa kalamu tarehe uliyofungua pampu. Yenye mibonyezo 200, ukitumia 2 asubuhi na 2 jioni, inaisha siku ya 50, hata kama bado inatoa mvuke. Kuielesha kwenye maji kupima kama imeisha hakuaminiki. Na akibanwa mtu mzima, ile ya bluu mibonyezo 4 hadi 10 kwa chupa, mmoja mmoja, irudiwe baada ya dakika 20; akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, itafutwe gari ya hospitali huku mnaendelea kumpa.